Kupima Damu ya Ng'ombe: Historia ya Kipimo na ya Kitenzi Kimoja katika Uwanda wa Ruzizi

Utangulizi

Mwandishi wa makala haya si daktari wa mifugo wala mwanabiolojia. Taaluma yake ni isimu, na habari za damu ya ng'ombe zilimfikia kupitia kosa la tafsiri ambalo ni lake mwenyewe. Miaka michache iliyopita aliombwa kuwa mkalimani wa watafiti waliokuwa wakikusanya damu ya ng'ombe katika uwanda wa Ruzizi, upande wa Sange, kaskazini mwa mji wa Uvira. Watafiti waliandika kwa Kifaransa. Wafugaji walizungumza nyumbani Kifuliiru au Kirundi. Lugha iliyowakutanisha penye zizi ilikuwa Kiswahili. Majuma kadhaa baadaye majibu yaliletwa. Mbele ya namba ya mtamba mmoja paliandikwa kwamba jibu ni «positif». Tukamwambia mwenye mali: "Mzee, damu ya mtamba wako imepimwa, na ugonjwa umeonekana." Akauliza mara moja tu: "Umeonekana ndani ya damu, mwalimu?" Tukajibu kwamba ndiyo. Siku ya soko iliyofuata alimwuza mtamba kwa mchinjaji kwa bei ya kutupa.

Mtamba yule hakuwa mgonjwa. Kilichoonekana katika damu yake kilikuwa kingamwili, yaani alama ya kwamba mwili wake uliwahi kupambana na vimelea vya ndigana kali na ukavishinda. Kama palikuwa na mnyama katika zizi lile ambaye angeweza kuumwa na kupe bila kufa, alikuwa yeye. Mzee aliuza kinga akidhani anauza maradhi, na aliyemwambia hivyo ni mwenye shahada ya lugha.

Tangu siku ile tumejiuliza ilikuwaje kitenzi kimoja, kupima, kikabebeshwa mambo yaliyo mbalimbali kiasi hiki. Jibu halipatikani katika kamusi peke yake. Hatuna budi kuifuata historia ya kipimo chenyewe, tukiangalia damu ya ng'ombe imekuwa ikiulizwa nini tangu ilipowekwa kwa mara ya kwanza chini ya hadubini katika Afrika yetu ya Mashariki.

Uwanda na milima

Yafaa kwanza msomaji asiyeijua Uvira aione nchi yenyewe. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita zipatazo 1,460, ukateremka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye mita zipatazo 773. Burton na Speke, walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, waliambiwa na wenyeji kwamba mto huu unaingia ziwani, wala hautoki humo. Livingstone na Stanley walikwenda kuhakikisha kwa macho yao mwezi Novemba 1871. Magharibi ya uwanda, milima hupanda ghafla kuelekea Itombwe, ambako vilele huzidi mita 3,000. Hivyo basi, mtu anayetembea na mifugo yake anaweza kutoka kwenye baridi ya malisho ya juu akafika kwenye joto la mwambao katika muda wa siku chache tu. Wafugaji wa milimani wamekuwa wakiteremsha ng'ombe wakati wa kiangazi kutafuta majani na maji, ilhali wale wa uwandani hukaa na ng'ombe wao chini mwaka mzima.

Kwa ndigana kali, tofauti hii ya kimo ni jambo la uhai na kifo. Ugonjwa huu huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kujibandika ndani ya sikio la ng'ombe. Mahali ambapo kupe huyu yupo kwa wingi majira yote, ndama huambukizwa mapema. Wengine hufa, waliosalia huishi na kinga muda mrefu, na mara nyingi hubaki na vimelea vichache katika damu bila dalili yoyote. Mahali ambapo kupe ni adimu, ng'ombe hukua bila kuujua ugonjwa, na siku akikutana nao akiwa mkubwa, uwezekano wa kupona ni mdogo sana: katika mifugo isiyo na kinga hufa zaidi ya tisa katika kila kumi. Ng'ombe mnene wa juu hushuka akafa. Ng'ombe mwembamba wa chini hubaki amesimama. Wachungaji wa pande hizi wanalijua jambo hili kwa namna yao, na hawakungoja maabara iwafundishe.

Majina nayo yanastahili kutajwa. Katika Kiswahili cha Tanzania ugonjwa huu ni ndigana kali, ili utofautishwe na ndigana baridi, ambayo ni ugonjwa mwingine wa kupe. Ni vigumu kwa mwanaisimu kutoona undugu kati ya neno ndigana na oltikana la Wamaasai. Katika Kinyarwanda husemwa ikibagarira. Huko Ankole, nchini Uganda, ugonjwa wa ndama uliitwa amakebe, na mwaka 1910 tume ya David Bruce ilionyesha kwamba amakebe ni ugonjwa uleule. Jina la nagana, linalotajwa mara nyingi pamoja na haya, ni la Kizulu na linahusu maradhi mengine kabisa, yale yaletwayo na mbung'o. Wageni wengi huyachanganya ndigana na nagana kwa sababu ya kufanana kwa sauti, na tumewahi kuyaona yakichanganywa hata katika karatasi za kitaalamu.

Damu ya Dar es Salaam

Mwaka 1897 Robert Koch, bingwa wa Ujerumani aliyekwisha kupata sifa duniani kwa kugundua kimelea cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam akitokea India, alikokuwa akichunguza tauni. Miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia pwani ilikuwa damu ya ng'ombe. Katika chembe nyekundu za damu hiyo aliona vijidudu vidogo mno, vingine mithili ya pete, vingine kama vijiti. Wakati huo ugonjwa wa ng'ombe uliojulikana sana kwa wataalamu ulikuwa homa ya Texas, ambayo Theobald Smith na Kilborne walikwisha kuthibitisha mwaka 1893, huko Marekani, kwamba huenezwa na kupe. Koch akaamua kwamba pete zile na vijiti vile ni vimelea vya homa ya Texas vikiwa bado vichanga.

Alikosea, na kosa lake lina mafunzo. Ng'ombe wengi wa pwani waliokuwa na pete zile walikuwa wazima. Damu yao ilisema kweli: kimelea kimo. Lakini haikusema kimelea gani, wala haikusema kama mnyama anaumwa. Maswali hayo mawili hayakuwa yameulizwa. Yalijibiwa na yule aliyetazama, kutokana na alichokuwa akikijua tayari.

Miaka minne baadaye kosa lilidai gharama. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini katika miaka ya 1890, na kisha vita vya Afrika Kusini vikamaliza wengi wa waliobaki. Mwaka 1901 ng'ombe walichukuliwa kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki kwa meli, wakateremshwa Beira ili kujaza tena mazizi ya Rhodesia. Walionekana wazima, na kwa hakika walikuwa wazima. Kupe wa huko wakawauma, kisha wakawauma ng'ombe wa nchi ile, ambao hawakuwa na kinga yoyote. Maangamizi yaliyofuata yaliandikwa na madaktari wa mifugo wa kwanza waliofika kuwa ni homa ya Texas, kwa kuwa hadubini ilikuwa imewaonyesha pete zilezile.

Koch aliitwa. Alifika Bulawayo mwanzoni mwa 1903, na mara hii aliona kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake. Akaupa jina la homa ya pwani ya Afrika, akikumbuka ng'ombe wake wa Dar es Salaam. Hapo ndipo pia alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, lina uzito kuliko mengine aliyoyafanya kwa ng'ombe. Aliacha kutazama damu peke yake, akatazama maji ya tezi na ya wengu. Humo aliona mabonge ya rangi ya buluu yenye madoa, ambayo tangu hapo yanaitwa kwa jina lake. Leo tunajua kwamba hayo ni vimelea vikiwa ndani ya chembe nyeupe, na kwamba vinapokuwa humo huzilazimisha chembe hizo kugawanyika ovyo, karibu kama zinavyogawanyika katika saratani. Ndiyo maana tezi huvimba. Ndiko ugonjwa uliko. Pete zilizomo katika chembe nyekundu huja baadaye, na kwa mnyama aliyepona zinaweza kubaki muda mrefu bila madhara.

Hata hivyo imani ya Koch katika damu haikuisha. Alipendekeza ng'ombe wadungwe damu ya wale waliopona, mara kwa mara kwa muda wa miezi kadhaa, ili wapate kinga. Njia hiyo haikufaa kitu. Arnold Theiler, aliyekuwa akifanya kazi karibu na Pretoria, alionyesha kwamba damu ya mgonjwa ikitiwa katika mnyama mzima haileti ugonjwa, tofauti na homa ya Texas; na mwaka 1904 alikitenga kimelea hiki na kukipa jina la kukibainisha kwa udogo wake, parva. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu huko Rasi, ndiye aliyemtambua kupe wa kahawia. Mwaka 1906 Theiler akaongeza jambo lililozidi kuitatiza hadubini: alieleza kimelea kingine, mutans, ambacho katika damu hufanana mno na parva, ila kwa kawaida hakiui. Kwa hiyo mtu anayeona pete katika damu ya ng'ombe wa Uvira leo, akiwa na kioo na rangi ya Giemsa tu, hawezi kuapa kwamba ameona muuaji.

Tezi za watu na tezi za ng'ombe

Katika mwambao wetu damu iliyochunguzwa kwanza kwa bidii ya serikali haikuwa ya ng'ombe. Ilikuwa ya watu. Ugonjwa wa malale ulienea kandokando ya Ziwa Tanganyika na Ruzizi mwanzoni mwa karne ya 20, pande zote mbili za mpaka, wa Wabelgiji na wa Wajerumani. Mbung'o wa huku ni wale wapendao vichaka vya kando ya maji, mahali palepale ambapo watu huteka maji, huvua na kunywesha mifugo.

Uchunguzi wa malale ulipita njia iliyofanana na ile ya ndigana. Dutton, aliyekuwa amekitambua kimelea katika damu ya mtu huko Gambia na kukipa jina mwaka 1902, alikuja Kongo pamoja na Todd mwaka 1903. Mwezi Februari 1905 alifariki Kasongo, mji wa Waswahili katika Maniema, kwa homa ya papasi ambayo wawili hao walikuwa wakiichunguza. Wakati uohuo ilikuwa imedhihirika, kwanza kwa kazi ya Greig na Gray nchini Uganda mwaka 1904, kwamba kwa mgonjwa wa malale vimelea hupatikana kwa urahisi zaidi katika maji ya tezi za shingo kuliko katika damu. Basi kidole kikatangulia sindano. Watu walipangwa foleni, shingo zikapapaswa, na aliyekutwa na tezi zilizovimba alidungwa hapo. Kaskazini zaidi, Friedrich Karl Kleine alithibitisha mwishoni mwa 1908, karibu na Ziwa Viktoria, kwamba kimelea hupitia mageuzi ndani ya mwili wa mbung'o, kisha akaendelea na kazi kwenye ufuko wa Tanganyika.

Kwa upande wa mifugo, Alphonse Broden, katika maabara ya Léopoldville, alieleza mwaka 1904 kimelea kilichopewa jina la nchi yetu, Trypanosoma congolense, ambacho ni miongoni mwa vile vinavyoua ng'ombe wengi zaidi wa nagana barani. Ni jambo la kutafakari kwamba jina la Kongo limeingia katika vitabu vya mifugo vya dunia nzima kwa njia hiyo.

Tunataja habari za watu kwa sababu mbili. Kwanza, kupimwa kulikuja na amri. Serikali ya kikoloni iliweka hati za afya za kusafiria, na aliyekutwa na vimelea alitengwa. Kwa hiyo maneno damu imeonekana yalibeba, kabla ya kufika kwenye zizi, maana ya hukumu: huyu aondolewe. Mzee wa Sange aliyemwuza mtamba wake hakuwa na woga usio na asili.

Sababu ya pili ni kwamba kupapasa tezi, kulikoletwa kwa watu kama sayansi mpya, kulikuwa ni kazi ya kila siku ya mchungaji. Mchungaji wa uwandani akimwona ng'ombe amepoa, hapeleki mkono kwenye mshipa. Anaupeleka chini ya sikio. Kupe hujibandika sikioni, na tezi iliyo chini ya sikio ndiyo ya kwanza kupokea vimelea. Huvimba yapata juma moja au mawili baada ya kupe kuanza kufyonza, mara nyingi siku kadhaa kabla ya pete kuonekana katika damu. Mkono wa mchungaji ulikuwa mahali sahihi wakati Koch alipokuwa bado anatazama damu ya Dar es Salaam. Hatusemi hivi ili kumdunisha Koch. Mkono haukuweza kujua kwamba kuna kimelea, wala kwamba kupe wa kahawia ndiye mwenye hatia na si mwingine. Lakini kuhusu mahali pa kuulizia, mkono ulitangulia.

Maswali matatu

Baada ya hapo vipimo viliongezeka, na kila kimoja kiliiuliza damu swali lake. Tutayapitia kwa ufupi yale yasiyo na utata.

Swali la kwanza ni lile la kale: kimelea kimo? Hujibiwa kwa kutandaza tone la damu, au maji ya tezi, juu ya kipande cha kioo, kulitia rangi na kulitazama. Rangi inayotumika zaidi ilitengenezwa na Gustav Giemsa huko Hamburg mwaka 1904. Kipimo hiki ni rahisi, na kinapofanywa kwa maji ya tezi siku za mwanzo, kinaweza kuokoa mnyama, kwa kuwa dawa ya buparvakwoni, iliyopatikana katika miaka ya 1980, hufaa zaidi ikitolewa mapema. Ni dawa ghali, na mfugaji anayengoja hadi ng'ombe akohoe povu amekwisha kuchelewa.

Swali la pili ni: damu ni kiasi gani? Damu hutiwa katika mrija mwembamba wa kioo, ikazungushwa kwa kasi kubwa hadi chembe nyekundu zikatuama chini. Urefu wa sehemu nyekundu hulinganishwa na urefu wote. Ikishuka chini ya robo, ng'ombe huhesabiwa kuwa amepungukiwa damu, na katika nchi ya mbung'o hilo ni onyo la nagana. Patrick Woo alionyesha, kwenye mwaka 1970, kwamba mrija huohuo ukitazamwa kwa hadubini kwenye mpaka kati ya chembe na maji ya damu, vimelea vya nagana huonekana vikichezacheza. Hapo swali la kwanza na la pili hujibiwa kwa tone moja.

Swali la tatu ni geni zaidi, na ndilo lililotuangusha: je, mwili huu uliwahi kukutana na kimelea? Kingamwili hazionekani kwa rangi ya Giemsa. Katika miaka ya 1970 ilienea njia ya kuzing'arisha kwa rangi maalumu chini ya mwanga usioonekana kwa macho, na mnamo miaka ya 1990 zikaja sahani zenye vishimo vingi, ambamo sampuli nyingi hujibiwa kwa pamoja kwa kubadilika rangi. Maabara za Muguga na Nairobi, nchini Kenya, zilikuwa mbele katika kazi hii. Huko Muguga ndiko pia ilikotengenezwa, katika miaka ya 1970, chanjo ya kumwambukiza ng'ombe kwa makusudi na kumpa dawa siku hiyohiyo. Yaani kumfanyia kwa mpango kile ambacho kupe wa uwandani humfanyia ndama bila mpango.

Kingamwili ni kumbukumbu. Haziwezi kusema kama mnyama anaumwa leo. Katika uwanda ambako kila ndama huumwa na kupe, jibu la «ndiyo» kwa ng'ombe mkubwa ni hali ya kawaida. La kushtua ni jibu la «siyo». Ng'ombe asiye na kingamwili ndiye aliye hatarini. Zimbabwe ililijua hili kwa uchungu: vita vya ukombozi vya miaka ya 1970 viliposimamisha majosho, ng'ombe waliokuwa wameoshwa miaka mingi bila kuonja ugonjwa walikufa kwa maradhi ya kupe kwa idadi inayokadiriwa kufikia milioni moja. Uvira nayo imepita katika vita vya 1964, vya 1996 na vya 1998, ambamo mifugo iliporwa, ikahamishwa, ikapandishwa na kuteremshwa bila kufuata majira. Kila uhamisho wa namna hiyo huwakutanisha ng'ombe wasio na kumbukumbu na kupe wenye vimelea.

Tangu miaka ya 1990 kuna njia ya kukuza chembechembe za urithi za kimelea mpaka zitambulikane hata zikiwa chache mno. Njia hii hulirudia swali la kwanza kwa nguvu mpya, na huweza kutenganisha parva na mutans bila shaka. Kwa njia hiyo Gaston Amzati na wenzake walichunguza damu ya ng'ombe wa Kivu Kusini na wa Burundi, wa chini na wa milimani, ng'ombe wasio na dalili, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba sehemu kubwa ya vimelea vya pande hizi ni jamaa wa karibu wa vile vilivyomo katika chanjo ya Muguga, ingawa wapo wengine. Kwa mfugaji wa Uvira hii ni habari nzito, maana chanjo isiyofanana na vimelea vya mahali haimkingi ng'ombe wake. Yafaa izingatiwe kwamba hata hapa kimelea kilipatikana kwa ng'ombe wazima, kama mwaka 1897.

Kosa lilikuwa wapi?

Tunarudi kwenye kitenzi. Katika Kiswahili, kupima kwa asili ni kutafuta kiasi. Mkulima hupima shamba, muuza unga hupima kwa kibaba, baharia hupima kina. Pima yenyewe ni jina la kipimo cha urefu, mikono miwili iliyonyooshwa. Ukiangalia maswali yale matatu, ni la pili tu, la mrija unaozungushwa, ambalo ni kupima hasa. La kwanza ni kutazama. La tatu ni kutafuta nyayo za aliyekwisha kupita. Hata hivyo penye zizi yote husemwa kwa neno moja, nasi hatuna haja ya kulilaumu: ni neno lililokubalika, na watu wameshapanua maana yake.

Hapo mwanzo tulidhani kwamba dawa ya tatizo letu ni kubuni istilahi. Tuliandika orodha, kama wafanyavyo wanaisimu. Baadaye tuliona kwamba tatizo halikuwa katika jina hata kidogo, bali katika njeo. Tulisema "ugonjwa umeonekana". Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba -me- hueleza tendo lililokwisha ambalo hali yake bado ipo: amelala, bado amelala, amevunjika, bado amevunjika. Umeonekana, basi upo. Mzee alitusikia barabara. Lugha ilikuwa na njia ya kusema ukweli wa maabara bila istilahi yoyote mpya: aliwahi kuugua, akapona. Kiambishi -li-, kitenzi kisaidizi -wahi na -ka- ya mfuatano, vyote vifundishwavyo katika mwaka wa kwanza, vingetosha kumwokoa mtamba. Kifaransa cha karatasi hakikuwa na njeo. Kilikuwa na kivumishi kimoja. Mkalimani alilazimika kuchagua njeo yeye mwenyewe, na alichagua bila kujua kwamba anachagua.

Tulipopata nafasi ya kurudi Sange tulikwenda kwa mzee kumweleza, na kumwomba radhi. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba mtamba yule, alipokuwa ndama, wakati wa mvua, alivimba chini ya masikio yote mawili, akakataa kunyonya kwa siku nne, na mke wake akamlisha maziwa kwa mkono hadi akasimama.

"Mlipotoa damu sikutaja," alisema, "kwa sababu hamkuuliza, mwalimu, na niliona mna mashine."

Katika karatasi za kazi ile palikuwa na safu ya namba ya ng'ombe, ya umri, ya jinsia, ya rangi na ya kijiji. Safari iliyofuata tuliongeza moja kwa kalamu, pembeni, kwa ajili ya ugonjwa wa utotoni kama unavyosimuliwa na mwenye mali, na ilijaa upesi kuliko tulivyotarajia.